Uzi Chini ya Mnara wa Mtawala

Mpendwa Dada Nedka,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumai kifua kimetulia na shemeji yu mzima huko Brăila. Sisi hatujambo, ila miguu ya mama bado inasumbua. Leo sitakulaumu kwamba umeniachia mimi kumuuguza, ingawa ningeweza.

Ule mnara wa kukumbuka ziara ya Mtawala, uliotuulia baba, nimeuhamisha. Barabara inapanuliwa, na manispaa imenipa kazi mimi, niliyeanza kwa kubeba chokaa utotoni, miaka michache baada ya mazishi. Mawe mia mbili na kumi na mawili, yote nimeyatia namba. Diwani mmoja alinionya niwe mwangalifu, eti hiyo ni heshima ya mji. Nikamjibu kwamba Mtawala alisimama pale muda wa kuvuta sigara moja, na sisi tumekaa bila baba miaka ishirini na tisa.

Chini ya jiwe la pembeni tulikuta chupa, ndani yake uzi. Vijana wangu wakavua kofia, wakafanya ishara ya msalaba. Unajua desturi yetu mafundi: jengo likikataa kusimama, mtu hupimwa kivuli kwa uzi, asubuhi kinapolingana na kimo chake, uzi ukazikwa msingini, naye hamalizi siku arobaini. Mimi siamini. Baba aliuawa na vumbi la mawe na mvua. Hata hivyo niliupima: mita moja na sentimita sabini na nane, kimo cha baba. Basi nikaona kumbe ulisema kweli kwamba mzee Mihal, msimamizi wake, ndiye aliyempima, ukaapa kutokanyaga hapa maadamu yu hai.

Nikautia mfukoni, nikaenda kwake. Hainuki kitandani. Aliponiona alisema, "Umekuja kuniua, Velko? Panga foleni, homa imekutangulia." Nikautupa uzi juu ya blanketi. Akaniambia nitazame fundo. Lilikuwa limefungwa kwa shoto, na kati ya mafundi wale wote mwenye shoto alikuwa baba peke yake.

Msingi ulikuwa umezama mara mbili na Mtawala yu karibu kufika. Mafundi wakaapa kumpima mtu wa kwanza atakayeleta chakula asubuhi, na asiwepo wa kuonya watu wake nyumbani. Dada, ulitangulia wewe, na mkate na jibini. Ulikuwa na miaka minane. Mihal alikupima, anakiri. Baba akaomba kuiziba chupa yeye, akatoa uzi wako, akatia wa kivuli chake mwenyewe. Mihal aliona, akanyamaza. Na baba alipougua alikataa daktari, akihofu kwamba akipona yeye, utachukuliwa wewe.

Nikamuuliza kwa nini aliacha tumtukane miaka yote hiyo. Akasema, "Padri angemzika makaburini mtu aliyejitoa mwenyewe afe? Na yule mtoto angekuaje, akijua? Heri anichukie mimi."

Aliniomba nisikuandikie. Nimemkatalia, amebeba vya kutosha, na wewe sasa ni mtu mzima. Panda meli ya Alhamisi. Ukifika usimweleze mzee mengi, masikio yake ni mazito. Mshike mkono tu.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu. Hajui lolote, na kwa mdomo wangu hatajua.

Ndimi mdogo wako,
Velko