Winchi ya Nyuma ya Hidaya

Melini, 4 Machi 2024

Kaka Faki,
Shikamoo. Shemeji Jalila hajambo? Mimi mzima, alhamdulillahi.
Nimepanda Hidaya, wamenipa winchi yako ya nyuma. Jeshi limeikodi tena meli, mwaka mzima, kupeleka magari kwa askari walio ng'ambo. Kapteni aliniambia, "Ukiwa nusu ya Faki, tutashukuru." Nipe habari za winchi hiyo, kaka.
Mdogo wako, Sameer

Likoni, 11 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Twashukuru, ila macho ndiyo hayo.
Miaka kumi na saba niliitumikia Hidaya. Tulibeba sukari, mahindi, saruji. Jeshi lilipoikodi mara ya kwanza, nilishusha vifaru kumi na viwili, hata kimoja hakikukwaruzika. Mkuu wao akanipa mkono.
Daktari alinikataa kwa macho, na mwezi haukuisha ushaomba nafasi yangu. Nilisikia kwa jirani yetu Mwanatatu, kwenye feri. Wewe hukuniambia.
Kazi njema.
Kakako, Faki

Melini, 2 Aprili

Kaka,
Shikamoo. Ni kweli, niliona haya. Niwie radhi.
Jana mvua ilinyesha, winchi ikateleza kidogo. Fundi asema si kitu. Wewe ulikuwa ukiifanyaje? Jumapili twashusha magari ya deraya. Tafadhali nijibu kabla.
Mdogo wako, Sameer

Melini, 8 Aprili

Kaka,
Shikamoo. Sikupata jibu. Jana mvua ilinyesha tena, winchi ikaachia gari, likaanguka na kumbana mguu Dishon, baharia mwenzetu aliyekuwa chini akituongoza. Umevunjika mahali pawili. Mimi nimesimamishwa.
Shemeji aniambia simu yako ni nzima.
Sameer

Likoni, 9 Aprili

Mdogo wangu,
Sijui nikujulie vipi hali.
Nilikusoma siku ile ile. Breki ya winchi ile ikilowa huteleza. Shurti uizungushe winchi tupu, bila mzigo, mpaka breki ikauke. Nilikuandikia hayo, nikayafuta. Nilitaka ukwame, waseme Faki hana mfano. Wivu, Sameer. Wallahi sikutaka mtu aumie, lakini nilijua chini ya winchi husimama mtu.
Nimempigia kapteni, nimemweleza yote. Dishon sijui nitamwambia nini.
Kakako, Faki

Melini, 20 Aprili

Faki,
Breki imebadilishwa, nimerudishwa kazini.
Dishon yuko kwao Kisauni tangu Ijumaa. Atatembea, ila meli basi tena. Nimemwambia kuna mtu atakuja kumwona. Sikumwambia ni nani.
Nenda umwambie mwenyewe.
Sameer