Sentensi Niliyokusahihisha

Makole, Dodoma

Mjukuu wangu Devota,

Nimekuficha jambo moja tangu ukiwa darasa la pili: kile nilichokuambia ni ndoto hakikuwa ndoto.

Marahaba kwa salamu zako. Kifua kinanibana, na zabibu za Makutupora zimevunwa bila mimi kuzionja. Shangazi yako Hana ananipikia uji, lakini tangu asikie umeonana na wakili wa msaada wa kisheria, ananisemesha kwa ukali. Jana kaniambia, "Baba, ukimtaja Lameck polisi, utazikwa na majirani."

Unasema wakili amekueleza kuwa miaka iliyopita haizuii kesi kufunguliwa, ila shahidi atasaidia sana. Unasema pia kwamba wewe mwenyewe huna uhakika tena. Hilo ni kosa langu. Asubuhi ile ulinijia ukilia, "Babu, baba mdogo alikuja kitandani kwangu." Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikakusahihisha kama ninayesahihisha insha: "Sema, niliota baba mdogo alikuja." Nikakukaririsha mpaka ukaishika.

Njoo na wakili wako, na askari wa Dawati la Jinsia, waandike maelezo yangu nikiwa bado na pumzi. Nitatia sahihi. Shangazi yako Hana niachie mimi.

Nitawaambia hivi: usiku ule nilisikia sauti yako, nikafungua mlango, nikamwona mwanangu Lameck, nikaufunga.

Ni mimi babu yako,
Sostenes