Samaki wa Matanga ya Mama

Lunyo, Jumamosi

Wamekwisha wote. Perege niliowafuga kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili wameliwa leo kwenye matanga ya Mama.

Asubuhi baba mdogo alinivuta pembeni. "Mwanangu, watu wanafika kutoka Merikit na mboga hakuna. Bwawani kuna samaki."

"Wavueni tu, baba," nikasema.

Waombolezaji waliwasifu, eti wamenona. Mimi sikuwaonja.

Jioni nilimpigia msimamizi wangu chuoni. Hakufoka. "Pole sana. Tutaanza upya na vifaranga wengine."

Kuanza upya naweza. Lakini siku zote nikiwa darasani, Mama ndiye aliyekuwa akiwalisha, akisimama ukingoni na kuwaita kama kuku. Nao walikuwa wanakuja.