Yotamu, Ile Haikuwa Pombe

Yotamu mdogo wangu,

Sijui salamu nianzie wapi, maana hali yako siwezi kukuuliza na yangu si ya kusimulia. Nyumba imekuwa kubwa mno. Jana nilisonga ugali wa watu wawili, nikakaa nao jikoni kama mjinga, mwisho nikawapa kuku. Ni wale kuku wako, wamenenepa, na ulafi wao ni wako mtupu.

Kahawa imeiva mapema mwaka huu. Naichuma peke yangu, na nikifika kwenye mistari uliyoipanda wewe, ile iliyopinda, naanza kukugombeza kwa sauti, halafu nakumbuka. Wanaopita njia ya kijiji cha Ruanda wanadhani nimechanganyikiwa. Wacha wadhani. Nina upweke, Yotamu. Neno hili sikulisema hata alipofariki mume wangu, kwa sababu wewe ulikuwepo.

Nakuandikia kwa kuwa kuna jambo sijamwambia mtu.

Uliporudi kutoka migodi ya Rodesia ulirudi na sanduku la bati, gramafoni mbovu na kiu ya kachasu. Pombe kali ile ulikuwa ukiifuata Tunduma kwa miguu, unalala njiani. Asubuhi mikono ilikutetemeka mpaka nikawa nakushikia kikombe cha uji. Halafu siku moja, bila kusukumwa na mtu, ukasema, "Dada, nimechoka. Nataka kurudi kundini." Nililia, mimi nisiyelia hovyo.

Tabibu wa zahanati akakupa chupa ya dawa ya kutuliza mwili. Ulinieleza vizuri: unakunywa asubuhi na jioni, na kipimo kinapungua kidogo kidogo, kwani mtu aliyezoea pombe kali akikatishwa ghafla, mwili unaweza kumgeuka akafa. Nilikusikiliza kwa sikio moja. Kwangu mimi pombe ilikuwa dhambi, na dhambi mtu anaiacha, hapimiwi kwa kijiko.

Siku tatu ulikuwa mzima. Ulikula, ulilala, ukanitania, "Dada, ukiendelea kunitazama hivyo nitatoboka." Siku ya nne ndiyo wazee wa kanisa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kabla ya Meza ya Bwana, kuzungumza na kila mtu juu ya mwenendo wake. Nilitaka wakukute safi. Nikakusogelea kukuwekea sawa kola ya shati, na pumzi yako ikanipiga usoni. Ilikuwa kali, inachoma pua, kachasu kabisa.

Ulisema, "Dada, ni dawa. Tabibu alinionya itanuka mdomoni. Nusa chupa." Nikanusa. Na kwa kuwa chupa nayo ilinuka vilevile, badala ya kukuamini nikaona nimekukamata: umetia kachasu kwenye chupa ya dawa! Nikaimwaga yote nyuma ya jiko. Wewe ulisimama tu. Si ungenizuia, Yotamu? Nguvu ulikuwa nazo. Lakini tangu nilipokulea baada ya mama kufa, hukuweza kunipinga nikipandisha sauti, na mimi nilijua.

Wazee walipofika niliwaambia mwenyewe kwamba umerudia pombe. Walinisifu kwamba sikumwonea haya ndugu yangu.

Kesho yake ukaanza kutoka jasho. Ukawa unapangusa siafu mikononi, siafu ambao mimi sikuwaona. Nikasema unajutia pombe yako, nikaenda kupalilia. Niliondoka, Yotamu. Nikapalilia mistari miwili mizima. Siku iliyofuata ukashikwa na kifafa, kimoja juu ya kingine, na nilipotuma watu kwa tabibu ulikuwa umeshachelewa. Ah, niache uongo. Mimi ndiye niliyechelewa.

Tabibu alipofika aliiulizia chupa. Nilipomwambia, alikaa chini, akatoa nyingine mkobani, akaizibua. Harufu ileile. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Walikuzika bila kengele wala wimbo, kama mtu aliyekufa na pombe tumboni. Nilisimama pale kaburini, najua ukweli, nikanyamaza. Tabibu naye alihamishwa muda si mrefu, kwa hiyo hakuna mwingine anayejua. Na sasa wamenichagua niwe mzee wa kanisa upande wa akina mama. Unacheka? Mimi nimeshindwa kucheka.

Jumapili hii watanisimamisha mbele ya watu ili waniombee. Nikifika pale nitasema. Nitawaambia kwamba ulikufa hujagusa tone, kwamba ulikuwa unapona, na kwamba aliyekunyang'anya dawa ni mimi. Wakinitenga, wanitenge. Ninachotaka ni jina lako lisomwe pamoja na waliolala katika Bwana, nami nilisikie kwa masikio yangu. Naogopa sana. Nimejaribu kuyasema maneno hayo shambani, nikarudi kuchuma kahawa kabla sijayamaliza. Lakini nakuahidi, mdogo wangu, hata nikiyasema kwa kulia nitayasema yote.

Lala sasa. Ulinieleza kweli tupu, na dada yako hakukuamini.

Ni mimi,
dada yako Tabita