Damu Tuliyoisingizia Dawa

Papa Wilondja, leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na bado hatujazoea kimya cha cherehani yako.

Hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, ulishona magauni ya kwaya na sare za shule, pini midomoni, wimbo puani. Mama Lucie wa kwaya alipolalamika kwamba gauni linambana, ulimwambia kwa Kiswahili cha kwetu: "Gauni iko vile vile, mama. Njo we umebarikiwa." Alicheka mpaka akakaa chini, nawe ukalifumua ukalipanua.

Tangu damu ilipoganda mguuni mwako, kila jioni ulimeza kidonge cha kuizuia isigande tena. Ulipoanza kukonda, ulipimwa choo hospitali, Lilongwe. Binti yako Arlène alikutafsiria lugha ya huku, kama siku zote. Muuguzi alisema chooni kuna damu isiyoonekana kwa macho, akauliza kama unatumia dawa ya damu. Ulicheka ukapiga makofi. "Ah! Njo dawa basi! Mi nilifikiri ni kansa. Zikomo, Sista, asante!"

Muuguzi hakuwa amemaliza. Alisema dawa inaweza kuongeza damu, lakini huenda kuna kitu kinachovuja. Usiiache dawa, ila urudi utumbo uangaliwe kwa kamera. Arlène alikutazama. Hukuwa umecheka hivyo tangu tumzike mama yetu. Akasema, "Uendelee na dawa, Papa," akaishia hapo. Yaliyobaki angekuambia nyumbani. Halafu akajiambia Jumapili. Halafu baada ya Pasaka.

Hata damu ilipoanza kuonekana, kila ulipoiona ulisema ni dawa, nasi tukaitikia. Tulipokurudisha hospitali, uvimbe wa kansa utumboni ulikuwa umefika kwenye ini. Daktari alisema kama ungewahi, huenda ungepona. Arlène analala na hiyo "huenda", anaamka nayo.

Wiki ya mwisho ulimshika mkono mbele yetu sote. "Huyu njo mdomo wangu. Bila yeye, mi ni bubu." Ulikwenda bila kujua.

Ametuomba tuyaandike haya, kwa kuwa wewe huwezi tena kuyasikia. Alipotuambia, hatukumgombeza. Lakini hatafsirii mtu yeyote tena, na tukimwambia Mungu husamehe, anauliza, "Na Papa?"

Wanaokulilia: watoto wako Mulenda, Arlène na Shukrani, dada yako Marguerite, wajukuu wako Nella na Guelord.

Hatutakusahau, Papa, siku zote zilizotubakia.