Chupa Mbili za Mafuta ya Nywele

Al-Ruwais,
Jeddah.
14 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Hezron,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto lisilojua kwamba huu ni mwezi wa Januari. Natumai wewe, Terry na mtoto wenu Elly mu wazima, na kwamba theluji ya Kentucky haijawafungia ndani. Mimi nipo. Magoti yananisumbua, maana nyumba hii ina ngazi nyingi kuliko ile ya Riyadh, na tangu bosi ahamishiwe kazi hapa bandarini bado tunafungua makatoni. Nimechoka, Hezron. Nakwambia mapema ili usishangae ukali wa barua hii.

Naandika kwa kalamu kwa sababu haya siwezi kuyaweka kwenye simu. Priscah, anayefanya kazi nyumba ya jirani, amemaliza mkataba na anaondoka Ijumaa. Akifika Nairobi atakutumia barua hii. Usinijibu jambo hili kwa simu. Wewe niulize hali ya hewa tu.

Mzigo wako ulifika. Nilipokupa namba ya Muna, binti wa madam, anayesoma chuo huko kwenu, nilitaka msalimiane tu, siyo umfanye tarishi. Alikuja likizo na mfuko wako ndani ya begi lake mwenyewe, akanikabidhi sebuleni mbele ya mama yake. Sweta nimelipenda, na picha ya Elly nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Halafu zikatoka zile chupa mbili ndogo ulizoandika "mafuta ya nywele 1" na "mafuta ya nywele 2".

Nilijua papo hapo. Mafuta hayachezi hivyo kwenye chupa, ndugu yangu. Ukitaka kudanganya, angalau ungemuuliza mwanamke.

Madam akanyoosha mkono. "Mafuta ya Amerika? Lete, Truphena, nijaribu."

Nikamwambia, "Haya ni ya nywele za Kiafrika, madam. Kwako mafi zein, hayafai, nywele zitanyonyoka zote."

Akacheka, akasema halas, basi, baki nayo. Na mimi nikacheka, nikazifunga chupa ndani ya sweta. Uongo ule nimeutubu, na bado unaniuma.

Hivi unajua niko nchi gani? Pombe hapa si jambo la kupigwa faini ukaenda zako. Miaka tisa nimefanya kazi, ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, haina doa, na imebaki miezi miwili nirudi nyumbani. Hayo ni yangu, ningeyabeba. Lakini Muna ni mtoto anayefunga na kuswali, nimemsuka nywele tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, nawe umempitisha uwanja wa ndege na wiski bila yeye kujua. Angekamatwa, ungemwambia nini mama yake? Mimi ningemwambia nini? Tangu siku hiyo namtazama kwa aibu, na kosa si langu.

Barua uliyoificha kwenye mkono wa sweta niliisoma chooni. Niliisoma mara mbili, hasira ikapungua. Kwamba tangu ile homa ya Oktoba husikii harufu ya kitu chochote, na kiwandani hujamwambia mtu. Kwamba baada ya miaka yote ya kuviringisha mapipa wamekupa nafasi ya kuchanganya wiski yako ya kwanza, ya kimea kitupu kutoka viwanda vitatu, nawe umechanganya mbili kwa kukumbuka tu. Kwamba mwezi wa tatu utasimama mbele yao uchague moja na useme kwa nini, na ukikosea kiti anapewa mwingine. Ukamalizia kwamba Mama aliniachia mimi pua. Hapo ndipo uliponiweza.

Basi nilifanya. Madam na Muna walikwenda kwa bibi kule Al-Baghdadiyah, nikapanda kwenye chumba cha kufulia. Nilitumia njia ya Mama, ile aliyopimia pombe yake ya chang'aa kabla hajamuuzia mtu: tone moja kwenye kiganja, unasugua kwa kidole, unasubiri ukali uondoke, ndipo unanusa kilichobaki. Unakumbuka alivyokuwa akisema, ukali ni mgeni wa mlangoni, mwenye nyumba yuko ndani. Namba moja niliiweka mkono wa kulia, namba mbili wa kushoto. Mdomoni sikutia hata tone.

Nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa tena, hakuna kitu. Miaka tisa ya klorini vyooni na udi wa madam kila jioni, kumbe pua nayo imekwenda njia ya magoti. Niliketi juu ya ndoo nikacheka. Wewe huna pua, mimi sina pua, na wiski imevuka bahari kuja kunuswa na viziwi wa pua. Kisha nikalia kidogo, maana nilimwona Mama.

Sijui ni muda gani ulipita. Nilipojifuta machozi, mkono mmoja ukaanza kutoa kitu. Kimea cha wimbi kwenye gunia, siku ile ya tatu kinapoanza kuwa kitamu. Nyuma yake sukari iliyoungua kidogo kwenye sufuria. Na mwisho kabisa zile tende nyeusi laini ambazo madam huwawekea wageni. Mkono wa pili ulibaki na ukali tu, basi. Lakini nikwambie ukweli: sijui kama ile harufu ilikuwa kwenye chupa au ilikuwa hamu yangu ya nyumbani. Usiichukue kama cheti cha daktari.

Kabla ya jibu lako, sikiliza. Unakumbuka mwaka ule Mama aliposhikwa na mafua, watu wamejaa uani wanasubiri? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniita akasema mbele yao wote, "Leo pua yangu imeziba, atanusa Truphena." Hakuna aliyeondoka. Mama hakuona haya, na alikuwa hajasoma hata darasa moja. Wewe uliyesoma ndiye unayeficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie bosi wako ukweli kabla ya kikao. Pua huenda ikarudi, lakini wakijua umewadanganya hawatakuamini tena. Naogopa utasoma namba tu na kuruka haya, ndiyo sababu namba nimeiweka mwisho.

Chupa zote mbili nilizimwaga kwenye bomba la maji machafu nikafuatisha klorini. Kisha nikaziosha nikazijaza mafuta ya nazi, ili lile nililomwambia madam lipungue uongo. Jana Muna aliomba nimpake, eti haogopi kunyonyoka, kisha akasema mafuta ya kaka yangu ni mazuri. Sikujua pa kuangalia.

Nisalimie Terry, na umbusu Elly kwa niaba ya shangazi yake ambaye hajamwona. Shangazi Lydia ukimpigia, mwambie nitamkuta kabla hajapanda mahindi. Mungu akurudishie ulichopoteza, na akitaka kukuchelewesha, akupe moyo wa kusema.

Sasa jibu. Mkono wa kulia, ule wa namba moja, niliunawa palepale. Wa kushoto sikuunawa mpaka madam aliporudi akaniita nikande unga. Hapo niliunawa mara tatu, kwa sababu mkate ni wao, na kila mara nilinusa kwanza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,
Truphena