Baki ya 9,999,991

3 Machi
Baba mpendwa,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi. Fumbo la barua hii limetoka kiwandani. Mashine yangu inagonga namba kwenye mita za maji, na tumefika milioni nne tu. Jana iliruka yenyewe ikagonga 9,999,991 mara tatu. Msimamizi anasema nilisinzia. Haya Mwalimu, ipasue kama kawaida yetu, tuone inagawanyika kwa ngapi.
Binti yako, Kasuku

19 Machi
Kasuku wangu,
Marahaba. Mgongo ndio huo huo, tumezoeana. Namba yako jeuri! Haigawanyiki kwa 3, wala 7, wala 11. Kuna namba tasa 446 za kujaribu, ya mwisho 3,137. Zote zikiacha baki, basi nayo ni tasa. Nimefika ya mia mbili.

Lakini kuna jambo. Nikiandika baki, nikainuka kunywa maji, narudi nakuta imewekewa alama ya vema yenye mkia mrefu, kwa penseli nyekundu. Mkia huo unaujua. Marehemu mama yako alisahihisha hesabu zangu hivyo miaka thelathini. Unakumbuka alivyonitania hospitalini? "Maliza hesabu zako kwanza, ukimaliza nakuja kukuchukua." Siogopi, mwanangu. Nimemkumbuka mno.
Baba yako

2 Aprili
Baba,
Shikamoo. Acha hesabu hiyo! Nimeshaipasua mwenyewe, inagawanyika kwa 2,003. Funga daftari upumzike. Sina mwingine ila wewe.
Kasuku

15 Aprili
Marahaba, mwongo mkubwa we!
Hujambo? 2,003 inaacha 1,015, na mama yako ameshaiweka vema. Tangu lini ukamdanganya mwalimu wa hesabu? Imebaki moja tu, 3,137. Nilishashika kalamu, nikaona wino wa barua yako ulivyolowa. Basi, nimeiacha kwa ajili yako. Daftari nimelifungia kabatini.
Baba yako

28 Aprili
Baba,
Shikamoo, na ahsante. Nimelala usingizi wa kweli wiki nzima. Leo wakati wa chai niliwaza, isije ikakushawishi tena, bora niimalize mimi. Nikaigawanya nyuma ya fomu ya zamu. 3,137 inaacha 2,372. Ni tasa kweli, Baba, ulikuwa sahihi. Nikaenda kuosha kikombe.

Nimerudi, pembeni ya 2,372 kuna vema nyekundu, mkia mrefu. Hapa kiwandani hakuna anayetumia penseli nyekundu. Nijibu upesi.
Kasuku

30 Mei
Kasuku wangu,
Hujambo? Barua yako nimeijibu mara mbili, mbona kimya? Mimi mzima, hata mgongo umeacha kuuma. Nimefungua kabati. Vema zote zimetoweka daftarini, haijabaki hata moja. Nimeandika hesabu mpya nikatoka nje makusudi, nikarudi, hakuna kitu. Siku ya tatu leo.

Mwanangu, mama yako yuko huko kwako? Mwambie hesabu ile ilikuwa yangu.
Baba yako